Janet Guthrie: mbio alikuwa nazo, hela ndo hakuwa nayo

Kuna kisa kimoja cha mbio za magari Marekani ambacho kila kikisimuliwa kinasimuliwa nusu. Wanakisimulia hivi: kulikuwa na mwanamama anaitwa Janet Guthrie, mwaka 1976 akaingia kwenye mbio kubwa za NASCAR, wanaume wakamnunia, akavumilia, akaweka historia, makofi, kwisha. Sasa ukichukua rekodi yake ukaipitia taratibu mbio kwa mbio unaona hiyo ya kununiwa ni kweli kabisa ila siyo iliyomtoa barabarani. Kilichomtoa ni hela. Na sisemi hela ile ya kulalamika jumla jumla, nasema hela ya udhamini, ilikosekana wapi, ikaharibu nini, na kwanini ilikosekana kipindi kile kile ambacho wenzake ndo walikuwa wanaanza kuiona.

Tuweke sawa kwanza mchezo wenyewe, maana huku kwetu ukisema mbio za magari kichwa kinakimbilia Safari Rally, vumbi, tope, gari linapita peke yake dereva na msoma ramani wake wanashindana na saa. NASCAR ni kitu kingine. Magari kama 40 yanaachiwa kwa pamoja, mara nyingi kwenye lami ya mduara, kona zimeinuliwa upande wa nje, unakata kushoto tu masaa matatu manne, na gari kwa nje lina sura ya saluni ya dukani, Chevrolet au Ford, ila ndani limevuliwa kila kitu limebaki mabomba ya chuma, kiti kimoja na injini ya silinda nane. Enzi zile kilo kama 1,700 hivi. Miaka ile ya 70 mengi hayakuwa na pawa stelingi na joto la ndani linavuka nyuzi 50.

Anayeangalia kwa mbali anasema si kukanyaga mafuta tu na kukata kushoto. Shida iko kwenye kulipanga gari. Springi ipi iende tairi lipi, uzito uegemee kona gani ya gari, upepo wa matairi uwe kiasi gani, shokapu ngumu au laini, maana ukikosea kidogo tu gari linagoma kukata kona linataka kwenda ukutani, au linakata kupita kiasi linarusha nyuma. Dereva hata awe na mikono ya dhahabu hawezi kuificha hiyo. Na mpangilio mzuri haupatikani kwa kubahatisha, unapatikana kwa kwenda kufanya majaribio siku na siku, matairi mapya, injini ya akiba, mafundi wanaolipwa. Kwahiyo nikisema hela, nazungumzia sekunde. Shika hilo tutalirudia.

Guthrie alizaliwa 1938 Iowa City akakulia Miami, baba yake rubani wa ndege za abiria, na yeye akapata leseni ya urubani akiwa na miaka 17. Akasoma fizikia Chuo Kikuu cha Michigan akamaliza 1960, akaajiriwa kama injinia kwenye kampuni ya ndege ya Republic Aviation kule Long Island, akaomba hata nafasi NASA walipokuwa wanatafuta wanaanga wanasayansi na mchujo wa kwanza akapita. Katikati ya hayo akanunua Jaguar, akaanza kukimbia nayo mbio za wikiendi, injini anaifungua na kuifunga mwenyewe. Alifanya hivo miaka kumi na tatu kabla dunia haijamjua! Sebring ya masaa 12, ambayo ni mbio ya watu wazima siyo ya kitoto, alishinda daraja lake mara mbili. Naliweka hili mapema kwasababu hadithi ya 1976 ilivyouzwa magazetini ni kama vile kuna mwanamke ameokotwa mtaani akapewa usukani.

Sasa Mei 1976, hapa ndo pa kukaa.

Jamaa mmoja anaitwa Rolla Vollstedt, mwenye timu ndogo kutoka Oregon, alimwita Guthrie aendeshe gari lake kwenye Indianapolis 500, wengi wanaiita Indy. Hizo siyo stoku kaa, yaani magari ya NASCAR niliyoyaeleza, ni yale magari marefu ya matairi wazi, ila bila hizo kisa hakieleweki. Ujue mpaka mwanzoni mwa miaka hiyo ya 70 pale Indianapolis mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kuingia gereji, awe mwandishi wa habari, awe nani. Leo anakuja anataka kuendesha. Kelele zikawa kubwa, madereva wakasema hadharani hana nguvu, hana uzoefu, atawaua wenzake. Jibu lake lililobaki kwenye kumbukumbu za watu ni kwamba gari unaliendesha, hulibebi. Mtihani wa madereva wapya akafaulu. Tatizo likawa gari, la Vollstedt halikuwa na kasi, wanalikamua halitoki, siku za kufuzu zinaisha.

Ndo akaja A.J. Foyt, mkali wa Texas ambaye muda huo alishashinda Indianapolis mara tatu, akamruhusu alijaribu gari lake la akiba. Guthrie akaingia barabarani na gari asilolijua, mizunguko michache tu, saa ikasoma maili 180.796 kwa saa, kama kilomita 291. Hiyo ni kasi ya kumuingiza kwenye kundi la wanaopigania nafasi. Foyt akaamua gari lake halitoi kwa ajili ya mbio. Basi, Indy ya 1976 ikaishia hapo.

Ila kitu kilishajulikana. Mtu yule yule, wiki ile ile, gari bovu hafuzu, gari zuri anafika maili 180. Hilo jaribio mtu ukitaka kulipanga kwa makusudi ili upime dereva na gari usingelipanga vizuri zaidi ya hapo, na limetokea hadharani mbele ya waandishi wa habari.

Wakati huo huo kule North Carolina kuna mzee anaitwa Humpy Wheeler, bosi wa uwanja wa Charlotte. Wheeler siyo mwanaharakati wa haki za wanawake, tusimpambe, Wheeler ni muuza tiketi. Mbio yake kubwa ya World 600 inaangukia Jumapili ile ile ya Indianapolis 500 na siku zote Indy ndo inabeba magazeti. Akaona mwanamke aliyekataliwa Indy akimleta kwake habari zote zinahama. Akapiga simu. Gari likapatikana kupitia Lynda Ferreri, mwanamama wa benki pale pale Charlotte, akawa ndo mwenye gari, na fundi mkuu wakampata Ralph Moody ambaye kwenye stoku kaa ni jina zito. Kwahiyo dereva mwanamke, mwenye gari mwanamke, mwaka 1976, Kusini mwa Marekani. Mara nyingine natamani ningekuwepo nione sura za watu.

Akafika Charlotte, gari la namna hii hajawahi kukimbia nalo, na kwenye mazoezi halikamatiki, halina kasi ya kufuzu. Wale waliosema Indy kwamba hawezi wakaanza kucheka tena. Hapo ndo kinatokea kitu ambacho kwangu mimi ndo kiini cha kisa chote. Junior Johnson, mwenye timu aliyokuwa anaiendeshea dereva Cale Yarborough, timu iliyokuwa inaelekea kubeba ubingwa mwaka huo, akaruhusu mafundi wake wawape upande wa Guthrie mpangilio wa gari la Yarborough. Springi, uzito, kila kitu. Wakafunga. Gari likabadilika, akafuzu nafasi ya 27.

Mnaelewa maana yake? Mikono ni ile ile. Mguu ni ule ule. Kilichobadilika ni maarifa ambayo timu ya Johnson iliyalipia kwa miaka mingi ya majaribio, wakayapata bure kwa siku moja. Na Johnson hakuwa mtu laini, ni mtu aliyefungwa jela ujanani kwa mambo ya pombe haramu, ila aliona wazi tatizo haliko kwenye kiti.

Jumapili tarehe 30 Mei 1976, maili 600, kilomita 965, mbio ndefu kuliko zote kwenye kalenda ya NASCAR, joto la Kusini, akaanza wa 27 akamaliza wa 15 kati ya magari 40. Bila dereva wa kumpokea. Ile hoja ya hana nguvu ilitakiwa ifie hapo hapo, haikufa ila ilitakiwa. Akawa mwanamke wa kwanza kwenye mbio ya ligi kuu ya NASCAR iliyopigwa kwenye uwanja mkubwa wa kasi. Nasema uwanja mkubwa kwasababu wanawake walikuwepo NASCAR tangu mwanzo, Sara Christian alikimbia kwenye mbio ya kwanza kabisa ya ligi hiyo mwaka 1949, mji ule ule wa Charlotte ila kiwanja kingine, na akina Louise Smith walikuwepo kipindi hicho, halafu wakapotea wakawa kama hawakuwepo.

Mwaka 1977 ndo mwaka wake mkubwa na ndo mwaka unaoeleza zaidi. Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, akaanzia nyuma huko nafasi ya 39, akapanda mdogo mdogo, ikabaki mizunguko kumi yuko wa nane. Wa nane Daytona kwa mtu mgeni! Injini ikapoteza silinda mbili. Akamaliza wa 12, bado akawa wa juu kuliko wageni wote wa siku hiyo. Mei akarudi Indianapolis na safari hii akafuzu kwa maili 188.403, mwanamke wa kwanza, lile tangazo maarufu la kuwaambia mabwana wawashe injini ikabidi walibadilishe wamtaje na yeye, afu gari likafa mapema akawa wa 29. Agosti wakaenda Bristol, kiuwanja kifupi cha nusu maili chenye kona zilizosimama, mizunguko 400, hakuna kupumua hata sekunde, akamaliza wa sita. Novemba kule Ontario, California, akaongoza mizunguko mitano, mwanamke wa kwanza kuongoza mbio ya ligi kuu ya NASCAR.

Nafasi ya sita ya Bristol ilikaa miaka 37 bila mwanamke kuifikia kwenye ligi kuu, mpaka Danica Patrick alipomaliza wa sita Atlanta 2014.

Angalia lakini injini. Daytona silinda, Indy gari, na hadithi hiyo inajirudia rudia. Wapo wanaosema dereva mzuri anatunza injini na ni kweli kuna madereva wanachoma injini kwa mguu mzito, ila timu ya Ferreri ilikuwa timu ndogo, mdhamini waliyempata alikuwa Kelly Girl, kampuni ya kutafutia watu makarani wa muda, siyo kampuni ya mafuta siyo ya matairi siyo ya magari. Makampuni yenye mkwanja wa mbio yalikuwa kwingine. Injini ya timu kubwa ilikuwa inajengwa upya kila mbio, timu ndogo unakwenda nayo hiyo hiyo unaomba Mungu.

Sasa 1978, na hapa inabidi turudi Indianapolis kidogo kwasababu ndo mara ya pekee tunamuona Guthrie akiwa na hela yake mkononi na amri ya timu juu yake mwenyewe. Texaco, kampuni ya mafuta, ikamdhamini. Siyo hela ya kutisha kulinganisha na matajiri wa Indy, na muda ulikuwa mfupi, ila akaajiri mafundi, akapata gari lenye ubora, akaendesha timu mwenyewe. Siku mbili kabla ya mbio akaenda kucheza tenisi ya hisani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akaficha. Angesema wangemzuia. Akaendesha mbio ya maili 500 na mkono umevunjika, gia anavuka na mkono wa kushoto kuzifuata upande wa kulia, akamaliza wa tisa. Wa tisa na mkono mmoja, kwa timu iliyoundwa haraka haraka. Hakuna mwanamke aliyefanya vizuri zaidi ya hapo Indianapolis mpaka 2005 Patrick alipokuwa wa nne.

Mtu wa kawaida angetegemea baada ya hapo simu zinaita. Haikuwa hivo. Upande wa NASCAR mbio zake zikapungua, mwaka 1979 akapata pata kule kwenye matairi wazi, akawa wa tano Milwaukee, na 1980 timu ya Rod Osterlund ikampa gari la pili Daytona 500, timu ile ile ya kijana Dale Earnhardt aliyechukua ubingwa mwaka huo. Akamaliza wa 11. Gari la maana, matokeo ya maana, tena ile ile. Na baada ya hapo NASCAR kwake ikawa imeisha kimsingi, miaka iliyofuata akawa anabisha hodi ofisi za makampuni na faili mkononi, mlango baada ya mlango, mpaka akakata tamaa. Alikuja kuandika kitabu chake mwenyewe 2005, na tofauti na nyota wengi ambao wanaandikiwa, huyu alikaa akaandika.

Jumlisha: NASCAR ligi kuu mbio 33 kwa misimu minne. Msimu mmoja wa 1977 peke yake ulikuwa na mbio 30. Yaani maisha yake yote ya stoku kaa ni msimu mmoja na chenji. Kwenye hizo 33 alimaliza ndani ya kumi bora mara tano.

Wa upande wa pili wana hoja zao na siyo zote za kipuuzi. Hoja ya umri hiyo nzito: alianza NASCAR ana miaka 38. Mwaka 1977 aliyechukua tuzo ya mgeni bora ni Ricky Rudd, kijana wa miaka 21, na Rudd akaja kushinda mbio 23 kwa miaka iliyofuata. Ukiwa mdhamini unaweka hela yako kwa wa miaka 21 au wa miaka 39? Sawa. Ila hoja hiyo hiyo mbona haikutumika kwa wanaume, madereva wa enzi zile wengi walikuwa wanakimbia mpaka 45 na kuendelea na wadhamini wao wako palepale. Hoja nyingine ni kwamba miaka ile magari yalikuwa yanakufa sana, kwahiyo ukimaliza tu unajikuta kumi bora bila kupita mtu. Hiyo nakubali kwa kiasi, kumi bora ya 1977 siyo sawa na kumi bora ya sasa hivi. Bristol ile hata hivo huwezi kuielezea kwa magari kufa peke yake, kakiwanja kale kanamuumbua dereva haraka mno.

Kinachonishawishi mimi ni muda. Hela kubwa ya udhamini kwenye NASCAR inafuata televisheni, kampuni inanunua ubavu wa gari ili ionekane sebuleni kwa watu. Na Daytona 500 ilionyeshwa laivu nzima kwa mara ya kwanza nchi nzima Februari 1979, kituo cha CBS, mbio ile iliyoisha kwa Yarborough na madereva wawili ndugu akina Allison kushikana mashati nyasini, nchi nzima inaangalia kwasababu mashariki kulikuwa na theluji watu wamejifungia ndani. Kuanzia hapo thamani ya ubavu wa gari ikaanza kupanda. Miaka mitatu kabla, mwanamke wa pekee kwenye uwanja wenye magari 40 alikuwa anajaza magazeti bure, lakini gazeti halilipi matairi. Alipofika wakati ambao kuonekana kuna bei, yeye alikuwa amebakiwa na mbio moja mbili tu. Ongeza na mabosi wa masoko wa miaka ile ambao walikuwa wanaamini mteja wa mbio ni mwanaume na mwanaume hawezi kununua kitu kwasababu ya dereva mwanamke. Hapo hakuna mtu aliyemfukuza. Mlango haukufungwa kwa kelele, simu tu hazikurudishwa.

Danica Patrick ndo kipimo kizuri cha hili kwasababu yeye ni kinyume chake kabisa. Patrick alikuja NASCAR na udhamini kamili, GoDaddy, kampuni ya mambo ya mtandao, ilimwaga hela, akapata kiti cha msimu mzima kwenye timu ya Stewart-Haas, 2013 akaanza wa kwanza Daytona 500 akamaliza wa nane. Mbio 191, kumi bora mara saba, ushindi hakuna. Ukipiga hesabu kavu Guthrie ni kama asilimia 15, Patrick haifiki asilimia 4. Najua enzi hazifanani, nimeshasema, sitaki mtu aniambie eti nimesema Guthrie ni mara nne ya Patrick. Ninachosema ni kwamba mmoja alipewa mbio 191 za kujionyesha kama anaweza au hawezi, na tukapata jibu. Mwenzake alipewa 33, nyingi kwenye gari la kuungaunga, na jibu hatujalipata mpaka kesho. Na Patrick mwenyewe wadhamini walipoyumba 2017 basi, Daytona ya 2018 ikawa ya kuaga. Baada ya hapo ligi kuu ikakaa bila mwanamke hadi Katherine Legge alipoingia Phoenix mwaka 2025.

Katikati yao kuna Shawna Robinson, ambaye huwa anasahaulika. Huyu alishinda mbio ya ligi ndogo ya NASCAR 1988, 1994 akaanza wa kwanza Atlanta kwenye ligi daraja la pili, na ligi kuu aliambulia mbio nane tu. Ukisoma kwanini unakutana na neno lile lile, udhamini.

Mwaka 2024 ukumbi wa heshima wa NASCAR ulimpa Guthrie tuzo yao ya Landmark, ile wanayowapa watu wenye mchango mkubwa kwa mchezo. Kofia yake na suti yake ya mbio viko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, siku nyingi. Ni heshima na anaistahili, ila tuzo hiyo ni ya mchango, orodha ya madereva ni nyingine, na kwa mbio 33 hata mimi nisingejua niombe kura kwa hoja gani. Namba hazitoshi. Zingetosha kama kuna kampuni moja, moja tu, baada ya Bristol ingemlipia misimu miwili mizima na injini zinazofika mwisho.